Kwa Miguu Katika Milima ya Réunion, Walikojificha Watoro

Mashariki ya Madagaska, nchi ambayo wazee wetu waliiita Bukini, kuna kisiwa ambacho watu wengi wa pwani yetu hawakijui hata kwa jina. Réunion ni mkoa wa Ufaransa tangu 1946, na ukubwa wake, kilomita za mraba 2,512, haupishani sana na Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Hata hivyo mtu aliyezoea visiwa vyetu vya matumbawe na minazi hawezi kuibashiri sura yake, kwa sababu ardhi ya Réunion inapanda kutoka ufukweni hadi mita 3,070 kwenye kilele cha Piton des Neiges, na mawingu huanza kuikumba milima kabla ya adhuhuri karibu kila siku ya mwaka.

Kikundi chetu cha kupanda milima kwa kawaida huenda Uluguru, Usambara na Meru, na kila tunapoweza kuchanga vya kutosha hujipangia safari ya mbali. Safari hii tuliamua kukivuka kisiwa cha Réunion kwa njia ya miguu iitwayo GR R2, yenye urefu wa kilomita zipatazo 130, inayoanzia Saint-Denis kaskazini na kuishia upande wa Saint-Philippe kusini baada ya kupita katikati ya milima yote mikubwa. Tulikuwa walimu, muuguzi kutoka Kilifi, fundi umeme, mhasibu mstaafu ambaye sote tulimwita Mzee kwa kuwa ndiye mkubwa wetu kwa umri, na dada yetu wa Moroni aliyekuwa ulimi wetu mbele ya wenyeji wanaozungumza Kifaransa na Kikreoli. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa, na nilipoishikilia Réunion mbele ya wenzangu waliopendekeza Sri Lanka, nilikuwa na sababu ambayo ni lazima niieleze mwanzoni.

Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, aliandikiana mkataba na Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa. Sultani aliahidi kumuuzia watu elfu moja kila mwaka kwa piasta ishirini kila mmoja, na yeye mwenyewe apewe zawadi ya piasta mbili juu ya kila kichwa. Watu hao walitakiwa kwenye mashamba ya visiwa viwili vya Wafaransa, Île de France, ambayo leo ni Morisi, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion. Shuleni nilifundishwa habari za msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, za dhahabu ya Sofala na za Ibn Battuta aliyefika kwetu mwaka 1331 na kuusifu mji, lakini mkataba wa Morice nilikuja kuusoma nikiwa mtu mzima. Fedha ilikuwa ya Wafaransa na jahazi zilikuwa zao, lakini neno lililotolewa lilikuwa la sultani wetu, na waliouzwa walikuwa watu wa bara ya kusini, Wayao, Wamakua na majirani zao, ambao mkataba hauwataji hata kwa jina moja.

Wengi wao walikufa shambani. Wengine walitoroka, na hapa ndipo milima inapoingia. Watoro wa pwani yetu katika karne ya 19 waliweza kukimbilia Witu au Fuladoyo, upande wa Kenya ya leo, wakapokewa au wakajijengea kijiji chenye watu wanaofahamiana na bara. Réunion haikuwa na wenyeji kabla Wafaransa hawajaanza kuikalia katika karne ya 17, kwa hiyo mtoro hakuwa na jirani wa kumpokea wala nchi ya kurudi. Alikuwa na sehemu moja tu ya kwenda, nayo ilikuwa juu. Nilitaka kuijua sehemu hiyo kwa miguu yangu, niuone umbo lake, baridi yake, maji yake, na nijue mtu angewezaje kuishi huko akiwa anawindwa.

Kwa maelezo ya ardhi yenyewe, Piton des Neiges ni volkano iliyoanza kujitokeza juu ya bahari zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita na ikanyamaza zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita. Baada ya hapo mvua ilichukua kazi. Mlima ulimomonyoka pande tatu na kuacha mabonde makubwa ya duara, Salazie, Cilaos na Mafate, kila moja likiwa limezungukwa na kuta za mawe zenye urefu wa mamia ya mita, na kila moja likiwa na mlango mmoja mwembamba ambako mto unapenya kwenda baharini. Ukitaka kuelewa nguvu ya mvua iliyofanya hivyo, mwezi Januari 1966 mahali paitwapo Foc-Foc palinyesha milimita 1,825 katika muda wa saa ishirini na nne wakati wa kimbunga Denise. Dar es Salaam haipati kiasi hicho kwa mwaka mzima. Mwezi Februari 2007 kimbunga Gamede kilimwaga milimita 3,929 kwa siku tatu penye kreta ya Commerson, na rekodi zote mbili ni za dunia nzima. Ndiyo maana watembeaji huja kati ya Mei na Novemba, vimbunga vikiwa vimepumzika.

Kutoka Saint-Denis njia hupanda kwenye msitu wa Roche Écrite, na mwanzo huo wa safari sina mengi ya kuusimulia, kwa kuwa mvua nyepesi ilitufuata tangu asubuhi na macho yetu yalikuwa kwenye mizizi na matope. Msitu huo ndio makao pekee duniani ya ndege mdogo wa kijivu aitwaye tuit-tuit, ambaye panya na paka walioletwa na binadamu wamekaribia kummaliza. Jambo la maana lilikuwa utaratibu tuliowekewa na kiongozi wetu wa njia, kijana aliyekulia Mafate. Alimtanguliza Mzee. Kila mara tulipoanza kutembea, Mzee alikuwa mbele na kiongozi nyuma yake, wenye nguvu wakiwa mwisho kabisa, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Kilimanjaro tumezoea kuambiwa twende polepole kwa ajili ya hewa nyembamba, na mizigo hubebwa na wagumu, yaani wapagazi. Hapa hewa inatosha, lakini kila mtu hubeba shanta lake, na kila siku unateremka karibu mita elfu moja kisha unapanda nyingine kama hizo. Kundi linalomwacha mtu nyuma kwenye magenge ya namna ile hujikuta jioni limegawanyika pande mbili za korongo, na giza la huko huingia mapema.

Mafate tuliiona mara ya kwanza kutoka juu ya kijiji cha Dos d'Âne. Nimepanda milima mingi ya kwetu, na sijawahi kuona nchi iliyokunjwa kiasi kile. Chini yetu palikuwa na migongo myembamba ya ardhi iliyosimama wima, mabonde ndani ya mabonde, na hapa na pale, juu ya vijiwanja vidogo vya tambarare vilivyonusurika kati ya makorongo, paa chache za mabati zikimeta. Vijiwanja hivyo huitwa îlet, nao kila kimoja ni kijiji. Hakuna barabara hata moja inayoingia Mafate. Watu wasiofikia elfu moja wanaishi humo, na kila mmoja wao, mtoto na mzee, huingia na kutoka kwa miguu au kwa helikopta.

Tuliteremka hadi Deux Bras, penye mto Rivière des Galets, tukavua viatu na kuvuka maji ya baridi yaliyofika magotini, kisha tukapanda zaidi ya mita mia sita kwenda kijiji cha Aurère. Katika mpando ule ndipo nilipoanza kuelewa. Njia haioneki hadi unapoikanyaga. Ukiwa kwenye mgongo mmoja unaweza kuzungumza na mtu aliye mgongo wa pili, ukamwona anavyojifuta jasho, na bado kumfikia kukachukua saa tatu, kwa sababu kati yenu kuna korongo la kuteremka hadi chini na kupanda tena. Askari aliyetumwa kumkamata mtoro aliweza kuuona moshi wake asubuhi na kufika mahali pa moto jioni, akakuta majivu. Mimea pia inaficha. Kwenye miteremko mikavu ya upande wa magharibi kuna majani makubwa yenye miiba nchani, ya jamii moja na mkonge wa Tanga, na yameshika mawe kiasi kwamba mtu akijilaza nyuma yake hapatikani. Hayo yaliletwa kisiwani na watu, nami siwezi kusema watoro waliyakuta. Juu ya Aurère tulipokewa na mivinje, ikitoa ule mvumo wake uleule wa ufukweni kwetu, na Mzee akaomba tukae hapo hadi pumzi zirudi.

Jina la bonde lenyewe ni la mtoro. Mafate alikuwa kiongozi wa watu waliokimbilia humo, na aliuawa katikati ya karne ya 18 na kikosi cha François Mussard, mwindaji wa watoro aliyelipwa na utawala. Kilele cha Cimendef, kinachosimama kati ya Mafate na Salazie, kina jina la kiongozi mwingine aliyeuawa na Mussard huyohuyo. Viongozi wengi wa wakati huo walikuwa Wamalagasi, kwa sababu Bukini ilikuwa karibu na watumwa wa mwanzo walitoka huko zaidi. Watu wa pwani yetu waliongezeka baadaye, hasa baada ya mkataba wa Kilwa na mingine iliyofuata. Sheria ya kisiwa ya mwaka 1723 ilikuwa imekwisha kuweka adhabu wazi. Aliyetoroka mwezi mmoja alikatwa masikio na kupigwa chapa ya moto begani, akirudia alikatwa mshipa wa mguu ili asiweze kupanda tena mlima, na mara ya tatu aliuawa. Nilipokuwa nikipanda ngazi za magogo za Mafate, mapaja yakiwaka, ile adhabu ya pili ndiyo iliyokuwa ikinijia akilini. Waliotunga sheria hiyo walijua vizuri kwamba uhuru wa mtu katika kisiwa kile ulikuwa kwenye miguu yake.

Ni vyema niseme pia kwamba Mafate ya leo si kizazi cha watoro peke yao. Watoro wengi waliwindwa hadi wakaisha au wakasukumwa mahali pa mbali zaidi. Baada ya utumwa kufutwa tarehe 20 Desemba 1848, watu wapatao elfu sitini wakawekwa huru, na kati yao wasiokuwa na shamba walipanda milimani. Wazungu maskini waliopoteza ardhi zao nao wakapanda, wakalima mahindi na dengu katika vijiwanja vilevile, na wakaoana. Nyuso tulizokutana nazo njiani zilikuwa za rangi zote. Ardhi yenyewe ni mali ya umma chini ya usimamizi wa ofisi ya misitu, na wakazi hulipia haki ya kukaa na kulima, jambo ambalo kiongozi wetu alilizungumzia kwa uchungu, kwa kuwa babu yake alizaliwa na kuzikwa humo.

Maisha ya Mafate yanategemea miguu na helikopta. Mitungi ya gesi, saruji, mchele na hata milango huteremshwa kutoka angani ikiwa imening'inizwa kwenye wavu, na asubuhi yenye hali nzuri ngurumo za helikopta husikika bonde zima. Umeme ni wa sola. Shule za msingi zipo katika baadhi ya vijiji, lakini mtoto akimaliza hulazimika kuondoka kwenda kusoma pwani na kurudi nyumbani kwa kutembea. Posta ilikuwa kazi ya mtu mmoja anayeheshimiwa hadi leo, Ivrin Pausé, aliyegawa barua bonde zima kwa miguu kwa muda wa miaka arobaini tangu 1951. Watalii kama sisi tumekuwa sehemu kubwa ya kipato, na karibu kila kijiji kina nyumba ya wageni yenye vitanda vya pamoja na chakula cha jioni kinacholiwa kwenye meza moja ndefu.

Chakula hicho nakikumbuka kwa heshima. Katika kijiji cha La Nouvelle, mama mwenye nyumba alituletea wali, maharage mekundu yaliyoiva hadi kutoa mchuzi mzito, mboga za majani zilizokaangwa na kitunguu saumu, kuku wa mchuzi wa manjano na tangawizi, na kibakuli cha nyanya zilizopondwa na pilipili mbichi. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kigeni kwetu. Walikuwa wamezoea kuwapa wageni soseji za nguruwe, lakini dada yetu wa Moroni alikuwa amewapigia simu mapema, na mama yule hakuona tabu, kwa sababu kisiwani wapo Waislamu wengi wenye asili ya Gujarat na wengine wa Komoro na Mayotte, na msikiti wa Noor-e-Islam wa Saint-Denis ulifunguliwa mwaka 1905.

Baada ya kula, mzee mmoja wa familia ile alishusha ukutani chombo cha ngoma. Kilikuwa fremu bapa ya mstatili, upana wake kama wa sinia, iliyofumwa kwa vijiti vyembamba vya maua ya muwa vilivyopangwa safu mbili, na katikati ya safu hizo mna mbegu ngumu zinazotiririka kila unapokiinamisha. Muuguzi wetu wa Kilifi aliinuka mezani kabla mzee hajakipiga. Kwao Giriama chombo hicho ni kayamba, na huku ni kayamb, na hakuna aliyehitaji kumwelekeza namna ya kukishika. Alikiweka viganjani, vidole gumba juu, akakisukuma kulia na kushoto kwa ule mwendo wa kukata unaojulikana kwenye ngoma za kaya, kisha akaongeza pigo la vidole chini ya fremu. Mzee wa nyumba alimsikiliza kwa kichwa kilichoinamishwa, akaanza kuimba maloya kwa sauti ya chini, na mapigo ya wawili wale yalitofautiana mwanzoni, yakapishana, kisha muuguzi akapunguza mwendo wake hadi wakakutana. Maloya ni muziki uliotokana na watumwa wa mashamba ya miwa, na Unesco iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2009. Nimesoma mengi juu ya biashara ya Kilwa, kwenye vitabu na kwenye maktaba, na hakuna ukurasa ulionionyesha kwa uwazi ule kwamba waliopelekwa huko walikuwa watu wenye ngoma zao vichwani.

Kutoka La Nouvelle tulikwenda Marla, kijiji cha juu kuliko vyote katika bonde, penye mwinuko wa mita zipatazo 1,600, na asubuhi yake tukapanda njia ya mlimani ya Taïbit yenye mwinuko wa mita 2,081 ili tuingie Cilaos. Mteremko wa upande wa pili ni mkali na mrefu, na goti la Mzee lilianza kuvimba. Tuligawana mzigo wake wote, muuguzi akalifunga goti kwa bandeji, na mwendo wetu ukawa nusu ya ule uliopangwa. Njiani kuna familia inayouza chai ya majani ya milimani, aina moja kwa wanaopanda na nyingine kwa wanaoteremka, na tulikaa pale muda mrefu zaidi ya chai yenyewe. Sikusikia mtu akinung'unika. Ile kanuni ya kumtanguliza anayekwenda taratibu ilikuwa imekwisha kutuingia, na fundi umeme, ambaye ndiye mwenye nguvu kuliko wote, alijipangia mwenyewe kazi ya kwenda mbele hatua chache na kumshika Mzee mkono kila penye ngazi ya juu.

Juu ya Cilaos, kwenye magenge ya mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, kuna mahali ambapo wenyeji hupaita Bonde la Siri. Wapanda milima walipagundua mwaka 1995, na wataalamu wa akiolojia wakapachimba mwaka 2011 na 2012. Walikuta vibanda vidogo vya mawe yaliyopangwa bila udongo, mabaki ya moto, na mifupa ya ndege wa baharini wanaotaga kwenye mashimo ya vilele. Ndiyo makao ya watoro ya kwanza kuthibitishwa kwa uchimbaji kisiwani. Hatukufika pale, kwa kuwa hapana njia ya kufaa na si mahali pa kupeleka makundi ya watu, lakini kiongozi alituonyesha kwa kidole upande ulipo, na nilitazama lile genge kwa muda. Lilinijibu swali nililotoka nalo nyumbani. Walikula ndege wanaokwenda kuvua samaki baharini na kurudi usiku milimani, kwa hiyo bahari iliwafuata hadi huko juu. Walipanga mawe badala ya kujenga kwa miti kwa sababu katika mwinuko ule miti ni mifupi na upepo hauna simile. Na walilala kwenye baridi ambayo kati ya Julai na Agosti hushuka hadi sifuri, watu ambao baadhi yao walizaliwa kandokando ya mto Ruvuma.

Mji wa Cilaos wenyewe unafikika kwa gari tangu 1932, kwa barabara yenye kona zaidi ya mia nne. Kabla ya hapo matajiri waliokwenda kuoga kwenye chemchemi zake za maji moto walibebwa kwenye viti na wapagazi. Tulipumzika, tukala dengu zinazolimwa hapo, na Mzee akaonana na daktari aliyemkataza kupanda kilele. Alikubali kwa utulivu, akakodi gari kuzunguka kisiwa na kutungojea Bourg-Murat, na sisi tukapanda kutoka mita 1,380 hadi nyumba ya wageni ya Caverne Dufour, mita 2,478, mpando mmoja usio na tambarare hata moja ya kupumzishia miguu. Kwa wasomaji wanaoijua Kilimanjaro, kituo hicho kiko chini ya Mandara, na kilele cha Piton des Neiges kiko juu kidogo tu ya Mandara, lakini usikidharau kwa hesabu hiyo. Tuliamka usiku wa manane ukiwa umepita, saa tisa na ushei, tukapanda kwa taa za kichwani juu ya kokoto za volkano, na kulipokucha tuliiona bahari pande zote, na kusini mashariki ile volkano nyingine, Piton de la Fournaise, ikiwa imejitenga juu ya mawingu. Kwa ubaya wa baridi hatukukaa.

Kushuka kwenda nyanda za Bourg-Murat kupitia ukingo wa Kerveguen ni kazi ya ngazi za chuma na matope, na sipendi kuikumbuka. Baada ya hapo nchi hubadilika kabisa, malisho ya ng'ombe, uzio, mashamba ya viazi, na Mzee akiwa amekaa kibarazani anatungoja. Bourg-Murat pana kituo cha uchunguzi wa volkano kilichoanzishwa baada ya lava ya 1977 kuvamia Piton Sainte-Rose, ikachoma nyumba na kulizunguka kanisa bila kuliangusha. Piton de la Fournaise ni kati ya volkano zinazolipuka mara nyingi zaidi duniani, na mwezi Aprili 2007 sakafu ya kreta yake kuu ilididimia kiasi cha mita mia tatu. Vipimo vikionyesha dalili, lango la Pas de Bellecombe hufungwa na hakuna anayeteremka kwenye uwanda wa kreta. Sisi tulilikuta wazi. Tulivuka Plaine des Sables, jangwa la kokoto nyekundu na nyeusi lisilo na mti, na kwa mara ya kwanza katika safari nzima tulitembea sambamba, tukizungumza, kwa kuwa njia ilikuwa pana.

Mteremko wa mwisho unatoka zaidi ya mita 2,300 hadi baharini. Unaanzia kwenye vichaka vya baridi, unaingia msitu wa ukungu wenye miti ya jamii ya jimbi mirefu kuliko mtu, kisha msitu wa joto wenye mivanila iliyozungushwa kwenye mashina. Vanila hiyo inazaa kwa sababu ya Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka kumi na miwili ambaye mwaka 1841, huko Sainte-Suzanne, alibuni namna ya kuchavusha ua lake kwa mkono na kijiti, na mbinu yake ndiyo inayotumika hadi leo Madagaska na hata kwa wakulima wetu wa Kagera. Pwani ya Saint-Philippe hakuna mchanga mweupe, kuna lava nyeusi na mikadi, ambayo majani yake wenyeji wanasukia vikapu.

Kwa wanaokusudia kwenda, vitanda vya nyumba za wageni huagizwa miezi kadhaa kabla, hasa vile vya Caverne Dufour, na wiki ya mbio za Grand Raid, mwezi Oktoba, haifai kabisa kwa kundi lisiloshiriki. Kibali cha kuingia ni cha maeneo ya Ufaransa ya ng'ambo, kwa hiyo viza ya kawaida ya Ulaya haitoshi. Bebeni fedha taslimu kwa Mafate, nguo za baridi hata kama mmeondoka Kilwa kwenye joto, na mtu mmoja anayesema Kifaransa. Ambaye magoti yake hayaruhusu mvuko mzima anaweza kuanzia Col des Bœufs, upande wa Salazie, ambako gari hufika karibu, na kutoka hapo La Nouvelle ni mwendo wa saa mbili hivi kupitia msitu wa miti ambayo wenyeji huiita tamarini ya milimani.